Injini ya Mzee

Wadau, nimepotea, najua. Wiki tatu sijaandika kitu humu, na wawili wenu mmenitumia ujumbe kuniuliza kama nimepata kazi serikalini. Hapana jamani. Bado niko chumba cha habari, bado nafukuzia stori kwa daladala. Kilichonipoteza ni Hilux ya mzee wangu kule Njombe, na leo nataka niwasimulie habari yake, hata nyie ambao gari mnalijua kwa kufungua mlango na kukaa tu.

Lenyewe ni Toyota Hilux ya mwaka 1991, kabini moja, rangi ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Baba alilinunua mkononi mwa mtu mwaka 2012 alipostaafu ualimu, akatumia sehemu ya kiinua mgongo chake. Wenzake walijenga vyumba vya kupangisha, yeye akanunua pikapu ambayo tayari ilikuwa imezeeka. Tulimcheka sana nyumbani. Lakini pikapu hiyo hiyo ndiyo iliyoshusha viazi vyetu Makambako msimu hadi msimu, na viazi hivyo ndivyo vilivyonilipia hosteli miaka mitatu ya chuo. Shahada yangu inanuka viazi mviringo, sikatai.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana ndilo lililonifanya niandike.

Krismasi iliyopita nilikuwa nyumbani. Asubuhi moja ya baridi ile ya Njombe, baba akawasha gari kisha akaniita. "Hebu njoo usikilize." Nikasikiliza. Kulikuwa na mlio mbele ya injini, kra-kra-kra, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Baada ya dakika moja hivi ukapotea. Baba akaniangalia. "Unasemaje, msomi?"

Nikamjibu, "Kawaida tu baba. Gari la zamani hilo."

Kwa nini nilisema hivyo? Sikuwa najua chochote. Lakini nilikuwa nimesimama pale na simu yangu kubwa na viatu vyangu vya mjini, nimeitwa msomi, na msomi hawezi kusema sijui. Baadaye ndipo mama aliponiambia kwamba fundi wa pale kijijini alikuwa ameshamshauri mzee alipeleke gari Makambako likafunguliwe. Mzee alikuwa anangoja kauli yangu. Nilipomwambia ni kawaida, akaahirisha.

Injini iliyokuwa mle inaitwa 22R. Ni ya petroli, silinda nne, lita 2.4, inatumia kabureta, na wanaoifahamu wanaiheshimu kwa uvumilivu. Lakini ina ugonjwa mmoja unaojulikana dunia nzima. Ina mnyororo wa taimingi unaopita kati ya reli za plastiki. Miaka ikienda, plastiki inakauka na kukatika. Mnyororo ukikosa cha kuuzuia unaanza kupigapiga kava la mbele, hasa asubuhi wakati oili haijapanda na kijiti kinachoukaza hakijapata nguvu. Ndiyo ile kra-kra-kra. Ukiuacha, unalikereza kava taratibu mpaka unatoboa njia ya maji, na hapo maji ya rejeta yanaingia kwenye oili.

Yote hayo niliyasoma mwezi Machi. Nilichelewa miezi mitatu.

Simu ilipigwa nikiwa mahakamani nasubiri kesi itajwe. Mzee alikuwa njiani kwenda Makambako na mzigo. Taa ya oili ikawaka, akasimama, akachomoa kijiti cha kupimia. "Oili imekuwa kama chai ya maziwa," akaniambia. Akaendelea kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza: "Ule mlio, unaukumbuka?"

Nikasema naukumbuka.

Beringi za krenki zilikuwa zimekwisha, krenki yenyewe imechubuka. Dada yangu akapendekeza gari liuzwe kama chuma chakavu. Mimi nikasema hapana, nitabeba gharama. Nilikuwa na milioni nne na laki mbili, akiba ya miaka miwili, niliyokuwa naiweka ninunue kamera na kompyuta ili siku moja nijitegemee. Nikawaambia wote kwenye kundi la WhatsApp la familia: gari la mzee litarudi barabarani likiwa na nguvu kuliko lilivyotoka kiwandani.

Mnaona? Hata baada ya yote hayo, bado nilikuwa naongea kama msomi.

Kilichofuata ni usiku nne za kukesha kwenye intaneti. Huko Marekani kuna watu wenye pikapu kama ya baba wanaong'oa 22R na kuweka V6 ya lita 3.4 iitwayo 5VZ-FE, ile iliyofungwa kwenye Tacoma za 1995 hadi 2004. Kutoka nguvu za farasi 100 hivi unafika karibu 190. Hawaishii hapo. Juu yake wanafunga supachaja ya TRD, kitengo cha michezo cha Toyota. Na kule Australia, mwaka 2008, TRD waliwahi kuuza Hilux mpya yenye V6 ya lita 4.0 na supachaja tangu dukani, kilowati 225, karibu farasi 300. Iliuzwa muda mfupi tu ikatoweka sokoni. Mimi sikujali kutoweka kwake. Nilijali picha.

Kwa wasiojua, supachaja ni pampu ya hewa. Injini inaishi kwa kuchanganya mafuta na hewa, na kikomo chake mara nyingi ni hewa, maana inavuta yenyewe kama mtu anavyovuta pumzi. Supachaja inaisukumia hewa kwa nguvu, hivyo unaweza kuongeza mafuta na kupata nguvu zaidi kwenye silinda zile zile. Tabo hufanya kazi hiyo hiyo, ila yenyewe inazungushwa na moshi unaotoka, wakati supachaja inazungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki. Aina moja ya zamani inatokana na mashine ya kupuliza hewa ambayo ndugu wawili wa Indiana, akina Roots, walipata hataza yake mwaka 1860, kabla hata gari la petroli halijakuwepo.

Na nilikuwa na hoja ya kisayansi, msinicheke. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Kule juu hewa ni nyepesi, msukumo wake ni kama asilimia 80 ya ule wa hapa Dar. Maana yake injini isiyosaidiwa inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake kabla haijabeba hata gunia moja. Nikajiambia, kama kuna pikapu duniani inayostahili supachaja, ni ya mzee wangu.

Nikampigia fundi. Huyu ni fundi wa Makambako, mtu mzima, ametengeneza malori ya barabara ya Mbeya na ya Songea tangu mimi sijazaliwa. Nikamweleza yote, farasi, mita, asilimia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwandishi, hicho kitu kinazungushwa na nini?"

"Na mkanda wa injini, fundi."

"Kwa hiyo kinaila injini kwanza, ndipo kiilishe."

Nikasema ndiyo, lakini faida ni kubwa kuliko hasara. Akasema sawa. Akaniambia amefungua rejeta ya mzee na nusu ya mirija imeziba kwa tope la kutu. Akaniuliza injini yangu ya farasi mia mbili itapozwa na nini, mate? Akaniuliza breki, zile diski ndogo za mbele na ngoma za nyuma, zilizotengenezwa kusimamisha farasi mia, nani atazibadilisha. Na gia boksi. Na propela. Na ile V6 inaendeshwa na kontroli boksi ya umeme: siku ikigoma katikati ya shamba la viazi, mzee ampigie nani, Mmarekani?

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza usiku zote nne. "Mzee mwenyewe anataka nini?"

Sikuwa nimemuuliza. Nikampigia. Shikamoo, marahaba, habari za mama, habari za mvua. Nikamuuliza, baba, ungependa gari liwe na nguvu kiasi gani? Akafikiri. "Lipande na mzigo bila kuchemsha. Na mafuta yasinimalize." Mzee ana daftari ambalo tangu 2012 anaandika kila lita aliyonunua na kilomita alizokwenda, kwa mwandiko wa ubaoni. Kwa petroli na mzigo, alikuwa anapata kilomita saba kwa lita. Hiyo ndiyo habari pekee iliyohitajika, na ilikuwa kwenye kabati la sebuleni muda wote.

Fundi akachagua 3L. Hii ni dizeli ya Toyota, silinda nne, sentimita za ujazo 2,779, haina tabo, haina kompyuta. Pampu yake ni ya kimekaniki tupu. Toyota wenyewe waliifunga kwenye Hilux za umbo hilo hilo la baba, na kwenye Hiace pia, kwa hiyo spea zake zipo na mafundi wanaifungua gizani. Nguvu zake hata mia hazifiki! Nilipoona namba hiyo niliumia rohoni. Lakini dizeli inavuta mapema, kwenye mzunguko wa chini, pale hasa mzigo unapohitaji kuondoka.

Kazi ya kuitafuta ikawa yangu. Nikazunguka Gerezani, nikazunguka Ilala, siku za mapumziko na jioni baada ya kazi. Maelekezo ya fundi yalikuwa makali: nunua injini pamoja na gia boksi yake, maana ya petroli haikai sawasawa kwenye dizeli. Chukua na mauntingi zake. Na usiiache alteneta! Hili sikulielewa mpaka aliponifafanulia. Injini ya petroli, inapovuta hewa, ndiyo inayoisaidia ile ngoma nyeusi ya breki kumpunguzia dereva uzito wa mguu. Dizeli haina mvuto huo. Kwenye 3L kuna pampu ndogo ya kunyonya hewa iliyofungwa nyuma ya alteneta. Ukija na injini bila pampu hiyo, gari litaondoka vizuri sana, kusimama ndipo utakapojua.

Wengi walinitajia milioni tatu na zaidi. Halafu nikampata mmoja, mahali ambapo sitapataja, akaniambia milioni moja na laki nane, kila kitu. Injini safi, imepakwa rangi ya fedha. Nikatoa laki tano papo hapo asije akaiuza. Nikapiga picha sita kwa furaha, nikamtumia fundi.

Akajibu kwa maneno manne: "Piga picha namba yake."

Namba ya injini hugongwa kwenye bapa la chuma ubavuni mwa bloku. Nikarudi, nikainama na tochi ya simu, nikafuta rangi kwa kidole. Bapa lilikuwepo. Namba haikuwepo. Palikuwa na mikwaruzo ya msasa tu, kisha rangi juu yake.

Wadau, mimi ndiye mwandishi ambaye ameripoti kesi za magari ya wizi mahakamani. Nimeandika kwa mkono wangu jinsi gari linavyoibwa usiku na asubuhi likawa vipande. Ninajua kadi ya gari inabeba namba ya chesisi na namba ya injini, na kwamba ukibadilisha injini lazima uende TRA na risiti ili kadi ibadilishwe. Yote hayo ninayajua. Na bado, naapa, kwa muda wa kama saa nzima nilikaa kwenye kibanda cha chipsi ng'ambo ya barabara nikijishawishi. Nani ataangalia? Gari linakaa Njombe, linabeba viazi. Bei nzuri. Laki tano zimeshatoka.

Kilichoniondoa kwenye kiti si uadilifu wa taaluma. Ni kumuwaza mzee wa miaka sabini, mwalimu, anasimamishwa barabarani na kuambiwa afungue boneti, halafu anasema: "Aliniletea mwanangu, ni mwandishi wa habari."

Nikadai pesa yangu, sikupewa. Nikatoa taarifa polisi, na kwa kuwa suala liko mikononi mwao naishia hapo. Laki tano zikaenda. Kamera ikaenda nayo.

Ile tuliyonunua mwishowe iligharimu milioni tatu na laki moja, na gia boksi, na alteneta, na risiti yenye jina langu. Namba inasomeka vizuri kabisa. Ikapanda fuso lililokuwa linarudi tupu nyanda za juu, mimi nikaomba ruhusa ya siku nne nikapanda basi.

Kama hujawahi kupanda Kitonga kwa basi mchana, nenda. Baada ya Ruaha Mbuyuni barabara inaanza kujikunja ukutani, malori yanapanda kwa gia ya kwanza yakikohoa, na upande mmoja ni bonde. Nilikuwa dirishani nahesabu malori yaliyokufa, boneti zimeinuliwa, matingo wanamimina maji. Saba. Hakuna hata moja lililokuwa limekosa farasi. Yalikuwa yamechemsha.

Makambako nikafika usiku. Asubuhi, kamwene, kamwene, tukaanza. Siku ya kwanza ilikuwa ya kushusha 22R kwa winchi ya mnyororo iliyofungwa kwenye boriti. Fundi akanionyesha kava la mbele: tundu jembamba, limekerezwa safi kama mtu alitumia tupa. Akalikung'uta kwenye kiganja changu. Hakusema neno. Ninalo hapa mezani naandikia.

Siku ya pili ilikuwa ya uchomeleaji. Sehemu za kukalia mauntingi kwenye chesisi hazilingani na za dizeli, kwa hiyo zilikatwa na kusogezwa, akapima kwa kamba na macho mara nne kabla ya kuchoma. Tangi likashushwa likasuuzwa. Rejeta mpya, kubwa kidogo. Nyaya za koili zikatolewa, zikaja nyaya za hita plagi, zile zinazopasha chumba cha moto kabla ya kuwasha. Mkanda wa taimingi ukawekwa mpya kabla injini haijaingia. Fundi akaandika tarehe kwa kalamu ya rangi kwenye kava, akaniambia kila kilomita laki moja, bila kuuliza mtu. Nadhani lile la "bila kuuliza mtu" lilikuwa langu.

Siku ya tatu ikawaka. Ikatoa moshi mweusi kama treni ya zamani. Nikashtuka. Fundi akacheka, akachukua bisibisi na spana, akairegeza kidogo skurubu iliyo nyuma ya pampu. "Pampu hii ilipimwa pwani," akasema. "Huku hewa haba, tuipunguzie na mafuta." Moshi ukapungua mpaka ukawa haze tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa supachaja yangu, wadau: robo mzunguko wa skurubu, upande wa kupunguza.

Bado nilimnong'oneza, je, siku za mbele tukifunga tabo? Akasema, "Kwanza lipande mlima, mwandishi."

Baba alikuja na basi dogo, amevaa koti lake la ukaguzi. Tulikwenda shambani, tukapakia magunia nane, si lumbesa, tukarudi naye akiendesha, fundi katikati, mimi mlangoni. Kuna kilima kimoja kabla ya barabara kuu ambacho 22R ilikuwa inakipanda kwa gia ya pili, sindano ya joto ikinyanyuka. Tulikipanda kwa gia ya pili vile vile. Hatukuwa na kasi kuliko zamani. Pikipiki ilitupita, na juu yake kulikuwa na abiria wawili na mbuzi. Lakini sindano ya joto ilikaa katikati haikutikisika, na mwezi uliofuata daftari likasoma kilomita kumi kwa lita.

Kadi tulishaanza kuishughulikia, kutoka petroli kuwa dizeli, namba mpya, ukaguzi na bima. Nimebakiwa na laki moja na themanini kwenye akaunti na deni kwa dada yangu.

Tulipofika juu ya kilima, baba alisimamisha gari kando, akaacha injini iunguruma. Dizeli inagongagonga kwa asili yake, tak-tak-tak-tak, na kwa sikio lililozoea petroli ni kama kuna kitu kimelegea. Akainamisha kichwa akisikiliza, kisha akanigeukia juu ya bega la fundi.

"Huu mlio nao ni wa kawaida?"

Nikamwambia, "Sijui baba. Muulize fundi."